Kiti cha Kushoto

Tangu nistaafu, watu wa kanisani wananiuliza kama mikono imesafika. Haijasafika. Grisi ya miaka thelathini na kitu haitoki kwa sabuni ya kipande, na sina mpango wa kuisugua zaidi. Nyinyi mliobaki gereji mliniomba jambo jingine: niandike ninachojua kuhusu kuinua magari, kwa sababu siku hizi kila mtu kuanzia Njoro hadi Naivasha anataka gari lake lisimame juu. Haya, nimeandika. Lakini nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ni habari ya kosa langu mwenyewe, na anayetafuta mahali nilipopandishwa cheo atasoma hadi mwisho bure.

Nilianzia stoo. Gereji ilikuwa eneo la viwanda pale Nakuru, nyuma ya kinu cha unga, na vumbi la unga lilitua juu ya kila kitu, chai ikiwemo. Siku ya kwanza nilipewa kalamu, kitabu cha kuandika spea zinazotoka, na stuli ya miguu mitatu. Asubuhi hiyohiyo fundi mmoja mfupi, mzito wa sikio moja, aliomba bushi za pikapu, zile raba za kwenye macho ya springi, nikampa za lori. Hakunigombeza. Alirudi, akachukua za pikapu mwenyewe rafuni, akaziweka zote mbili juu ya kitabu changu, akaondoka, akaniacha nizitazame. Huyo ndiye Mzee Muiruri, fundi wa springi. Kelele za nyundo ndizo zilimla lile sikio, tangu enzi za kunyoosha springi za trela kwenye mashamba ya ngano huko Njoro.

Baada ya mwaka mmoja hivi alikuja dirishani akasema, "Rael, hiyo kiti itakukausha. Kuja ushike hii jeki." Nikaenda kushika jeki, na stuli sikuirudia tena. Wateja ndio waliochelewa kuelewa. Mtu angeniona nimelala chini ya gari lake, miguu tu ikionekana, akainama na kuuliza, "Fundi ako wapi?" Nilikuwa namjibu kwamba fundi ameenda kunywa chai, halafu naendelea kufungua springi zake. Wengine walimsubiri huyo fundi hadi gari likawa tayari.

Mzee Muiruri hakufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na uzi, chaki, timazi, na kipimo cha pembe cha chuma alichokifunga kwenye kitambaa cha bluu. Hakuna gari lililotoka mikononi mwake bila kupimwa kwa vitu hivyo vinne. Alikuwa pia na mambo mawili ambayo ukiyakosea hakusemeshi siku nzima.

La kwanza ni nati za bushi. Hazikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Lishushe kwanza, lisimame kwa miguu yake, litikise, ndipo ukaze. Ukizikaza gari likiwa hewani, raba ya bushi inabaki imejisokota kila siku gari linapotembea, na baada ya miezi michache mteja anarudi na kelele na wewe unamlaumu aliyetengeneza raba. Nimeona mafundi wazima wakilaumu raba.

La pili ni kiti cha kushoto. Gari likishainuliwa, fundi aliyeliinua ndiye anayepanda kando ya dereva kwa safari ya kwanza. Si kuzunguka uwanja wa gereji. Ni kwenda barabarani kabisa, mwendo wa kawaida, kona za kawaida, fundi ameketi kushoto bila usukani na bila breki. Mzee aliamini kwamba mtu hawezi kujidanganya kuhusu kazi yake akiwa ameketi pale. Sisi tuliona ni ushamba wa mzee. Kwa miaka mingi niliufuata huo ushamba, nikaukosa mara moja tu, na sasa nitawaeleza kwa nini una maana.

Watu wanadhani kuinua gari ni kuongeza urefu tu. Tazameni uma wa baiskeli. Haujasimama wima, umelala kidogo kuelekea nyuma, na ndiyo maana ukiachilia usukani baiskeli inaendelea mbele. Ekseli ya mbele ya gari nayo ina mlalo wake. Sasa njoo uweke springi nene, urefushe na zile sheko za mbele, yaani masikio ya chuma yanayoshika springi. Umeizungusha ekseli bila kukusudia. Mlalo unapungua, usukani unasahau kurudi katikati. Kona inaisha lakini tairi bado zinataka kukata. Kwenye barabara iliyonyooka gari linatangatanga, dereva anafanya kazi ya kulirudisha kila dakika, na akipitwa na lori anahisi kama amesukumwa na mtu. Halafu gari limekuwa refu, linalala zaidi kwenye kona na linachelewa kusimama. Fimbo ya usukani nayo imeinama, kwa hiyo kila shimo linagusa usukani. Paipu za breki zipimeni usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, kwa sababu paipu iliyotosha jana haitoshi leo.

Dawa ya mlalo ni kabari, kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba, kinachokaa kati ya springi na ekseli. "Unene mbele, Rael," Mzee alikuwa akiniambia kila tulipozifunga, na mimi nikalishika neno hilo kama mtoto anavyoshika aya ya Jumapili. Na lilikuwa neno la kweli. Jeep zote za wakulima tulizokuwa tukiinua wakati huo, springi zake zilikaa chini ya ekseli. Kwa gari la namna hiyo, unene mbele unailaza ekseli nyuma inavyotakiwa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Alistaafu akaenda kijijini kwake kule Bahati, akaniachia kile kipimo na kitambaa chake, na miaka michache baadaye tukamzika.

Sasa nakuja kwa pikapu ya Sista Nyambura.

Ni mwaka ule ziwa la Naivasha lilipoingia mtaa wa Kihoto, maji yakakaa ndani ya nyumba za watu. Sista Nyambura alikuwa nesi mwenye kliniki ndogo Karagita, kando ya ziwa hilo, kwenye vile vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Alikuwa na pikapu moja yenye turubai na godoro nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa ambulensi ya akina mama wajawazito wasio na gari lingine. Maji yalipopanda, pikapu ikawa inazimika katikati ya njia. Akaileta Nakuru yeye na dereva wake, Wekesa.

"Mathe, nataka ipite kwa maji," aliniambia, akiniita mama kama wateja wengi. "Mama akishikwa na uchungu kule Kihoto siwezi mwambia angoje ziwa likauke."

Wekesa alikuwa mtu mkimya wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya kukata maua. Zamani alikunywa sana. Aliacha, akasimama kanisani akasema ameacha, na tangu siku hiyo Karagita nzima ilikuwa imemwekea jicho. Sista ndiye aliyempa kazi wakati wengine walikuwa bado wanamnusa. Aliyaeleza haya mwenyewe akinishikia taa chini ya gari, bila aibu, kama mtu anayetaja uzito wake.

Nilifanya kazi siku mbili. Springi mpya, sheko ndefu, paipu ndefu za breki, kabari. Nati za bushi nilizikaza gari likiwa chini. Kabari nilizifunga unene mbele. Siku ya tatu mchana pikapu ilikuwa tayari, na Wekesa akanifungulia mlango wa kushoto.

"Panda twende, mathe. Si mnasemanga ni lazima?"

Foleni ilikuwa imefika langoni. Mwenye gereji alikuwa akiniita kwa sauti, kulikuwa na lori la viazi limevunja springi na viazi vinaanza kuota jua. Kipimo cha Mzee kilikuwa kwenye kitambaa chake, kwa sababu nilikuwa nimeinua magari mengi mno kuhitaji kupima kila moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

"Enda tu," nikamwambia. "Hii naijua."

Akaufunga ule mlango polepole, akaondoka na Sista.

Kesho yake akanipigia simu. "Mathe, hii gari inatafuta barabara. Jana kutoka Gilgil mpaka Naivasha nimeshikilia steering mpaka mabega inauma."

Nami nikamjibu, nikiwa na spana mkononi, sentensi ambayo ningependa kuifuta kuliko zote nilizowahi kusema kazini: "Ni urefu. Utazoea."

Wiki ya pili, asubuhi ya mvua, Wekesa alikuwa akimleta mama mjamzito kutoka Kihoto. Pikapu ilipita kwenye maji vizuri. Ilipofika kwenye lami isiyofurika, kwenye kona, usukani ukakataa kurudi na wote wakaingia mtaroni. Mungu ni mwema, mama alipakiwa gari la msamaria akajifungua salama. Lakini watu waliokuwa kando ya barabara walikuwa wameiona pikapu ikiyumba tangu mbali, na si mara ya kwanza kuiona ikiyumba wiki hiyo. Kwa mtu mwingine wangesema tairi. Kwa Wekesa walisema chupa. Sista alipofika alimfuta kazi palepale kwenye mtaro, mbele ya watu. Kanisani wakamwondoa kwenye kazi ya kupokea wageni mlangoni.

Haya yote niliyasikia Sista alipoirudisha pikapu na dereva mpya ili tunyooshe bampa. "Alirudia pombe," alisema kwa uchungu. "Na vile nilimwamini." Kisha akaenda mjini kununua dawa, akasema atarudi saa tisa.

Huyo dereva mpya aliniuliza kitu kimoja tu: "Mathe, hii steering ni ya aina gani? Hii gari ni kama imelewa yenyewe."

Nilichukua funguo, nikaiendesha hadi barabara ya Njoro, na kabla sijafika mbali mikono yangu ilikuwa inajua. Nikakata kona, nikalegeza vidole, usukani ukabaki pale nilipouacha. Nikarudi gereji, nikalala uvunguni, nikafungua kile kitambaa cha bluu. Kipimo kilisema ekseli imelala mbele. Nikatazama tena kwa tochi. Kwenye pikapu ile springi zilikaa juu ya ekseli, si chini. Gari la namna hiyo linataka unene nyuma. Mimi nilikuwa nimechukua ugonjwa wa gari nikauzidisha mara mbili, nikauchora alama yangu ya rangi nyeupe, ile ya kuonyesha kazi imekamilika, nikamkabidhi Wekesa.

Nililala pale chini muda mrefu. Nilisikia aibu, na baada ya aibu nikasikia hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpa ila mimi.

Mwenye gereji nilimwambia kwanza, kwa kuwa jina la gereji ni lake. Alikuna kidevu. "Geuza hizo kabari, nyamaza," akasema. "Nani atajua? Dereva ashaenda."

"Mimi najua."

"Rael, utatuharibia jina."

"Limeshaharibika. Liko mtaroni Naivasha."

Akaniacha. Nikageuza kabari ya kulia. Ya kushoto sikuigusa. Sista Nyambura aliporudi nilimtandikia kadibodi chini, nikamwomba alale kando yangu uvunguni. Alinitazama, akatazama sare yake nyeupe, akalala.

"Tazama huku," nikamwambia, nikimmulikia. "Upande mnene uko nyuma. Sasa tazama kule. Uko mbele. Hapa ni sawa, kule ni makosa. Ulipokuja kuchukua gari, pande zote mbili zilikuwa kama kule. Kazi ni yangu. Sikupima, na sikupanda na Wekesa. Hakuwa amekunywa, Sista. Gari ndilo lilikuwa linayumba."

Maji ya matope yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bampa karibu na sikio lake.

"Nilimfukuza mbele ya watu," hatimaye akasema.

"Basi nitamwambia mbele ya watu."

Nilimaliza upande wa kushoto, nikapima, nikapima tena, nikamwita dereva mpya naye apime ajionee. Asubuhi iliyofuata nilipanda kiti cha kushoto, dereva mpya kwenye usukani na Sista katikati yetu, hadi Karagita, na njia nzima sikuitazama mandhari, nilitazama usukani. Ulirudi kila mara.

Tulimkuta Wekesa stegi ya bodaboda, akiosha pikipiki za wengine kwa ndoo na kitambaa. Waendeshaji kama kumi walikuwa wamekaa wakingoja wateja. Alituona akaendelea kuosha.

Sijawahi kuwa msemaji, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mimi ndiye fundi niliyeinua hii pikapu," nikawaambia wote. "Nilifunga vyuma vya mbele kinyume. Wekesa aliniambia gari lina shida, nikampuuza. Siku ile hakuwa mlevi. Makosa ni yangu, mimi Rael, na nimetoka Nakuru kuja kusema hivyo."

Kijana mmoja wa boda akasema, "Eish." Sista Nyambura akasonga mbele akasema, "Wekesa, nisamehe. Kazi yako iko."

Wekesa alikamua kitambaa, akakitandika juu ya tangi la pikipiki. Hakumtazama Sista, alinitazama mimi.

"Uliniambia nitazoea."

"Nilikuambia."

"Nimezoea, mathe. Nimezoea kuitwa mlevi na sijaonja. Mtoto wangu ameulizwa shule kama baba alikuwa amebebwa na pombe." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Hiyo gari siwezi panda tena."

Nilitaka kulia. Badala yake nikafungua mlango wa kushoto, nikapanda, nikafunga mkanda. "Basi mimi nimekaa," nikamwambia kupitia dirishani. "Siendi Nakuru mpaka uiendeshe. Usipoiendesha leo, nitakuja kesho nikae hapahapa. Mimi sina watoto wadogo nyumbani."

Watu wa boda wakacheka kidogo. Wekesa hakucheka. Alimalizia pikipiki aliyokuwa akiosha, yote, hadi spoku. Kisha akaosha mikono, akaja upande wa kulia, akamwomba dereva mpya funguo.

Alishika barabara ya ziwa, akaenda taratibu, akaongeza mwendo kidogo kidogo kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Alipofika kwenye ile kona, niliuona mtaro, na nyasi zilikuwa bado zimelala. Mabega yake yakapanda. Akakata. Kona ilipoisha akalegeza vidole, na usukani ukazunguka wenyewe ukarudi katikati, ukatulia. Akashusha pumzi. Aligeuza gari akairudia ile kona kutoka upande wa pili, kisha mara ya tatu, na kila mara usukani ulirudi.

Nawaandikia haya nyinyi mnaoinua magari ya watu, si ili mjue kabari inakaa vipi. Hilo mtalipima, kila gari, hata mliloinua pacha wake jana, na mtauliza springi iko juu au chini ya ekseli kabla ya kukumbuka alichosema mzee yeyote, mimi nikiwemo. Dereva akisema gari linatafuta barabara, msimwambie atazoea. Na mkishamaliza, pandeni kushoto. Foleni itasubiri. Viazi vitasubiri.

Tuliporudi Karagita, Wekesa hakusimama stegi. Aliipita mwendo wa mtu anayetembea, akageuza mbele ya kanisa, akairudia. Watu wa boda wakasimama. Wanawake waliokuwa wakitoka zamu ya asubuhi wakasimama pia. Mara ya tatu barabara ilikuwa tupu mbele yetu, imenyooka, na yeye akauachilia usukani, akainua mikono yake yote miwili juu, vidole vimetanuka, watu wote waone. Nilimkemea, maana ni kazi yangu kukemea. Hakunisikia. Pikapu ilipita mbele ya kila jicho la Karagita moja kwa moja bila kuyumba, na mimi nilikuwa nimeketi kando yake, kwenye kiti nilichopaswa kukikalia tangu siku ya kwanza.